Siku Moja Ng'ambo ya Ruvuma

Mazungumzo ya kikundi cha nyuki mbele ya wahitimu wa kisomo, Mtua



Mmetuomba tuwaeleze habari za siku moja tuliyoikaa Msumbiji. Wengine mmeshasikia vipande vipande, dukani na kisimani, na vipande vingine vimetiwa chumvi. Eti tulicheza ngoma na tembo. Hapana, jamani. Tutasema yale tuliyoyaona kwa macho yetu na kuyala kwa vinywa vyetu. Tumeyaandika pia, ili asiyekuwepo leo ajisomee mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe 25 Septemba 2014. Tulikwenda watu 12 wa kikundi chetu cha nyuki, wanaume 7 na wanawake 5. Siku hiyo wenzetu wa Msumbiji walikuwa na sherehe kubwa. Tarehe 25 Septemba 1964 chama cha Frelimo kilianza vita vya kuwatoa Wareno, kwa hiyo ilikuwa imetimia miaka 50 kamili.

Mtauliza, watu wa Mtua walialikwaje? Tulialikwa na mzee mmoja ambaye ujana wake aliuishi hapa kwetu Nachingwea. Jina lake hatutalitaja, tutamwita Mzee Mwenyeji. Wengi wenu mnalijua Shamba Namba 17, lile tunaloliita Famu 17. Kwanza lilikuwa la mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Walileta matrekta na reli, lakini karanga hawakupata. (Bibi zetu kwa jembe la mkono walizipata.) Baadaye pakawa kambi ya wapiganaji wa Frelimo. Samora Machel aliongoza mafunzo hapo kabla hajawa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975. Na Mzee Mwenyeji alikuwa mmoja wa vijana waliofunzwa hapo. Mwaka 2012 alirudi kupatazama, akanunua asali yetu, tukawa marafiki. Akasema, "Njooni na ninyi mle asali yangu."

Basi tukachukua hati za kusafiria, tukachanga nauli. Tulitoka Mtua hadi Nachingwea, Masasi, Mangaka, mpaka Mtambaswala. Hapo ndipo lilipo Daraja la Umoja. Lina urefu wa mita 720, na lilifunguliwa mwezi Mei 2010 na Rais Kikwete na Rais Guebuza wa Msumbiji. Kabla ya hapo watu walivuka kwa mtumbwi, na mamba walikuwa wakichukua ushuru wao.

Tulivuka jioni ya tarehe 24. Mto ulikuwa umepungua kwa kiangazi, mchanga mwingi katikati, maji yamegawanyika njia tatu nne. Dereva alitusimamishia gari tukavuka kwa miguu. Chini tuliona viboko, migongo tu, kama mawe yaliyopakwa mafuta. Mama mmoja wetu akasema, "Hebu oneni, mto mmoja, kiboko hana hati wala hagongewi muhuri!" Askari wa mpakani alicheka, lakini hati zetu alizigonga.

Upande wa pili panaitwa Negomano. Karibu na hapo mto Lugenda unaingia katika Ruvuma. Ukiuvuka Lugenda kwenda magharibi unaingia katika hifadhi kubwa ya wanyama iitwayo Niassa. Ina karibu kilomita za mraba 42,000, yaani ni zaidi ya nusu ya mkoa wetu wote wa Lindi. Mahali hapo Negomano pana historia nyingine pia. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Wajerumani, likikimbizwa na Waingereza kutoka kwetu, lilivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi hilo walikuwa Waafrika, maelfu kwa maelfu, na wengi hawakurudi kwao.

Sasa tuseme habari za ndege, maana ndiyo sababu hasa ya mazungumzo haya.

Alfajiri ya siku ya sherehe Mzee Mwenyeji alituamsha. Alisema hakuna sherehe bila asali, na asali ya siku hiyo haikuwa katika mzinga, ilikuwa porini. Tulidhani ana mti anaoujua. Kumbe hakuwa na mti wowote. Alikuwa na wajukuu wawili, shoka moja, kibiriti, na furushi la majani mabichi yaliyofungwa pamoja na kuni kavu.

Tulitembea katika miombo kama nusu saa. Njiani palikuwa na kinyesi cha tembo cha usiku ule, bado kibichi. Mzee akainua mkono, tukanyamaza wote. Mbali kidogo tulisikia mianzi ikivunjika. Tukazunguka kwa upande ambao upepo haukupeleka harufu yetu. Ninyi watu wa Nachingwea na Ruangwa hamhitaji kuelezwa tembo ni nani. Wanaoingia katika mahindi yetu na wanaoingia katika mihogo ya wenzetu ni ndugu wamoja, maana tembo wa huko hawaujui mpaka. Mzee alituonyesha kamba alizozungushia shamba lake, zimefungwa vitambaa vilivyochovywa katika oili chafu iliyochanganywa na pilipili. Alisema tembo anaichukia pilipili, ila kamba zikikaukiwa na mvua zikazinyeshea, anapita kama hakuna kitu. Lazima uzichovye tena na tena.

Tulipofika penye miti mikubwa, mjukuu mkubwa alisimama akapiga sauti. Hatujui namna ya kuiandika vizuri. Ulimi unatetemeka, "brrrr," halafu sauti fupi kutoka kifuani, "hm!" Brrrr-hm! Akatembea, akapiga tena. Sisi wengine tulicheka. Mmoja wetu alisema labda anamwita mbuzi aliyepotea.

Baada ya muda alikuja ndege mdogo, rangi ya udongo, mkiani ana weupe pembeni. Huyo ndiye mlembe, na Wayao humwita sego. Akatua juu yetu, akaanza kupiga kelele, che-che-che-che, kama mtu anayetikisa kibiriti. Akaruka hadi mti mwingine, akatungoja. Tukimkaribia anaruka tena. Tukichelewa anarudi kututazama. Mjukuu alikuwa akimjibu njia nzima, brrrr-hm, brrrr-hm, naye ndege anajibu. Walikuwa wanazungumza, hatuna neno jingine la kusema.

Mwishoni akanyamaza juu ya mninga mkubwa. Mjukuu akasema, "Ni hapa." Tukatazama juu, hatukuona kitu. Tukatazama tena, tukaona tundu, na nyuki wanaingia na kutoka.

Wakawasha lile furushi, moshi ukapanda. Mjukuu akapanda nao, akapanua tundu kwa shoka. Mti hawakuukata. Tuliwauliza, wakasema wako wanaokata, tena wengi, lakini Mzee aliwakataza wajukuu wake tangu wadogo. Mti uliokatwa unatoa asali mara moja. Huu wa leo, alisema, alishaula yeye akiwa kijana aliyetoka vitani.

Zilishuka ndoo mbili. Kabla mtu hajalamba kidole, Mzee alichukua kipande cha sega kikavu, chenye nta, akakiweka juu ya majani mabichi mahali peupe. Hilo ni fungu la mlembe. Ndege huyu anakula nta na majana, na tumbo lake linaiyeyusha nta, jambo ambalo ndege wengi hawaliwezi. Peke yake hawezi kuuvunja mti wala kuwashinda nyuki. Anajua nyuki walipo, na mtu ana moto na shoka. Wazee wetu hapa Mtua husema usipompa fungu lake, safari ijayo atakupeleka kwa chui. Hilo la chui hatukulijaribu.

Msidhani kwamba mlembe ni mwema kwa kila mtu. Anataga mayai katika viota vya ndege wengine, na kinda lake hutoka na mdomo wenye ndoana, likawaua makinda wenye nyumba. Kwa ndege wenzake ni jambazi. Kwetu sisi ni mshirika, kwa sababu ya nta tu.

Baadaye, mwaka 2016, wataalamu walichapisha utafiti walioufanya pamoja na warina asali wa Kiyao katika hifadhi hiyo ya Niassa. Aliyeuongoza ni mama mmoja mtaalamu wa ndege, Claire Spottiswoode. Walitembea porini wakipiga sauti kutoka katika chombo. Mara walipiga mwito huu wa brrrr-hm, mara majina ya watu yakiitwa, mara mlio wa hua. Sasa tusome hesabu polepole. Kwa zile sauti nyingine, kati ya safari 100, walionyeshwa nyuki katika safari kama 16. Kwa mwito wenyewe, ni safari kama 54. Yaani ndege anaujua mwito. Akiusikia anajua huyu ni mtu wa kazi, si mpita njia.

Na kuna jambo la pili, lililochapishwa mwaka 2023. Wahadzabe wa kwetu Tanzania, kule karibu na Ziwa Eyasi, hawasemi brrrr-hm. Wao hupiga mluzi. Wataalamu wakajaribu kubadilisha. Mlembe wa Eyasi aliitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko mwito wa Wayao, na mlembe wa Niassa aliitikia zaidi mwito wa Wayao kuliko mluzi. Kila ndege anafuata lugha ya watu wa mahali pake. Haya tutayarudia kabla hatujakaa.

Tulirudi kijijini kama saa nne, njaa inauma. Sasa habari za chakula.

Kwanza tulipewa mkate. Huko kijijini kabisa, mama mmoja alikuwa na tanuri la udongo, umbo la kichuguu, analichochea kwa kuni, kisha anachokora makaa na kupanga mikate ndani. Ni mikate midogo, mirefu kidogo, nje migumu, ndani laini. Wanaiita pão, na sauti yake unaipitisha puani. Wareno waliondoka, mkate ukabaki. Unaupasua, unaweka bajia ndani, unakula na chai au kahawa. Sisi tuliupasua tukaweka sega la asali, hata wenyeji wakashangaa.

Halafu tulipewa majana. Kwa wasiojua, majana ni watoto wa nyuki, wale weupe walio ndani ya sega. Wanaume wetu wanne walikula, wengine walitazama pembeni. Walioyala wanasema yana ladha ya maziwa na karanga mbichi. Tunaandika kama walivyosema.

Mchana walipakua. Ugali tuliujua, ingawa wao huuita xima, wanatamka "shima". Kisamvu nacho tulikijua, lakini chao, wanachokiita matapa, kilitushinda. Kinatwangwa mpaka kinakuwa laini kabisa, pamoja na vitunguu saumu, kinapikwa muda mrefu sana juu ya moto mdogo, halafu unga wa karanga unaingia na kuiva nacho. Sisi tuna mihogo na karanga, na bado huwa tunakitoa kisamvu motoni kikiwa kigumu. Mama zetu waliokwenda walikaa jikoni mpaka wakajua. Palikuwa pia na kuku aliyepasuliwa kifuani, akapakwa pilipili, ndimu na chumvi, akachomwa juu ya makaa huku akipakwa tena. Machozi yalitutoka, lakini hakuna aliyesukuma sahani.

Kulikuwa na chungu cha maharage yaliyochanganywa na nyama. Waislamu wetu waliuliza kwa adabu ni nyama gani. Mwenyeji akacheka, akasema, "Hicho si chenu, chenu ni kile pale." Kumbe alishachinjisha mbuzi na kumpikisha katika chungu cha peke yake tangu asubuhi. Alisema alijifunza Nachingwea, alipokuwa akipelekewa chakula na majirani wa dini mbili.

Alasiri ikaja ngoma. Huko wanaiita mapiko. Wamakonde wa upande wetu wana ndugu yake, midimu. Ngoma ndogo zina ncha chini, zinachomekwa ardhini, na kubwa zinasimama zenyewe. Kwanza waliwasha moto wa nyasi wakazipasha ngozi, wakawa wanazigonga na kuzisikiliza, wanazipasha tena. Walipoanza, udongo ulitetemeka chini ya miguu. Kisha akatoka lipiko, mchezaji aliyevaa sura ya mti na nguo mwili mzima, hakuna hata kidole kinachoonekana. Yaliyo ndani ya lipiko ni mambo ya jando, na wenyewe wanajua nini kisemwe. Sisi tutasema ya nje tu.

Sura ya siku ile ilikuwa ya Mreno, ina masharubu na kofia, na mkononi lipiko ameshika daftari. Alikuwa mtoza kodi. Ngoma ikikatika, naye anakatika papo hapo, mguu uko hewani. Kisha anamwendea mtazamaji mmoja, anafungua daftari, anadai. Watu wanakimbia na kucheka. Akatufikia sisi wageni. Mama yetu mmoja akatoa korosho moja mfukoni, akamwekea juu ya daftari. Lipiko akaitazama ile korosho upande huu na upande huu, akaandika kwa kidole, akainama kushukuru kama bwana mkubwa. Kijiji kizima kilianguka kwa kicheko. Tuliona mabibi wakifuta machozi. Walikuwa wanamcheka mtu ambaye baba zao walimkimbia usiku.

Mwisho Mzee Mwenyeji alisimama na wenzake watatu, wazee wa vita. Waliimba nyimbo za kambini, na nyimbo hizo zilikuwa za Kiswahili! Walizitunga au walizikuta Nachingwea, wenyewe hawakumbuki tena. Vijana wao hawakujua maneno yote, sisi tulijua maana yake. Kwa dakika chache tulikuwa sisi tunaowafasiria wajukuu wa Mzee yale babu yao anayoimba. Baadaye vijana walifungua spika yao na muziki wa Maputo, nasi wazee tukaenda kulala.

Ndiyo siku yenyewe.

Sasa tuseme na yaliyofuata, kwa kifupi, maana hayapendezi. Mwezi Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia mji wa Mocímboa da Praia, huko huko Cabo Delgado. Vita hivyo vilisambaa. Watu mamia ya maelfu walikimbia makazi yao, na wengine walivuka Ruvuma kuja upande wetu. Mwezi Oktoba 2020 hata kijiji chetu cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Simu ya Mzee Mwenyeji ilipatikana mara ya mwisho mwaka huo wa 2020. Alisema wako salama na akauliza kama mvua zimeanza Mtua. Tumepiga mara nyingi tangu hapo. Tukimpata tutawaambia.

Tumebakiwa na habari ya ndege, na tuliahidi kuirudia.

Mwezi ujao mkutano wa kijiji utazungumza juu ya msitu wetu wa bondeni. Wako wanaotaka ukatwe kwa ajili ya ufuta. Hatuwalaumu. Ufuta una bei, na sisi wenyewe tunalima ufuta. Lakini shamba jipya la ufuta huchoka baada ya misimu michache, na mtu anatafuta jingine. Nyuki wa bondeni wametupa asali tangu babu zetu. Hesabu zetu za miaka mitano ya kikundi ziko katika daftari hili hapa mezani. Kila mmoja wenu sasa anajua kusoma, njooni mkague wenyewe, lita kwa lita, shilingi kwa shilingi, kabla hamjainua mkono mkutanoni.

Na jambo jingine. Tulipotoka Msumbiji tuliingia katika msitu huo na kujaribu ule mwito wa Kiyao. Asubuhi tatu hakuna aliyekuja. Mnakumbuka habari za Eyasi na Niassa? Hapa kwetu wazee walikuwa na mwito wao. Wengine wanasema ulikuwa mluzi, wengine wanasema walikuwa wakigonga shina la mti kwa kisu huku wanaguna. Vijana hatukurithi. Tukauliza nyumba kwa nyumba, na mpaka wiki iliyopita tumempata bibi mmoja tu, ambaye marehemu mumewe alikuwa mrina asali. Anaukumbuka kwa sababu alikuwa akiusikia kutoka jikoni mumewe akirudi. Alitupigia, tukaushika, ingawa anasema bado tunaupiga kama watu wenye mafua.

Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi tunakwenda bondeni naye. Tutampandisha kwenye baiskeli mpaka mwisho wa njia. Anayetaka kufuata na afuate. Shoka tunalo moja, linatosha. Redio ziacheni nyumbani.